Kurudi Si Aibu: Safari Yetu katika Majabali ya Norwe

Katika Sura ya Al-Ghashiya Mwenyezi Mungu anatuhimiza tutazame ngamia, mbingu, milima na ardhi. Mimi nilizaliwa Tanga, na Sura hii niliihifadhi chuoni ningali mtoto mdogo. Lakini nakiri mbele yenu, ndugu wasomaji, kwamba kwa miaka mingi niliisoma milima nisiitazame. Siku niliyoitazama kwa kweli ilikuwa katika mwezi wa Julai wa mwaka 2024, nilipokwenda pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili kupanda majabali katika nchi ya Norwe. Safari hiyo ilinifunza jambo ambalo nalidhani litawafaa wenye watoto, na vijana pia.

Norwe ni nchi ndefu na nyembamba kaskazini mwa Ulaya, na wakazi wake ni kama milioni tano na nusu. Sisi tunakaa Oslo, mji mkuu wake, kwa ajili ya kazi. Pwani yake ya magharibi haifanani na pwani yetu ya mchanga na minazi. Huko bahari imeingia ndani ya nchi kwa mikono mirefu inayopita katikati ya milima, na kila mkono huitwa fyodi. Ulio mkubwa kupita yote, Sognefjord, umeingia bara zaidi ya kilomita 200, na kina chake chafika kama mita 1,300. Wataalamu wanasema kwamba zamani nchi yote ilifunikwa na barafu nene, na barafu hiyo, ikiteremka polepole kuelekea baharini kwa maelfu ya miaka, ndiyo iliyoyachimba mabonde hayo. Ilipoyeyuka, bahari ikaingia mahali pake. Hii ndiyo sababu ya kuona meli kubwa ikipita chini ya jabali, na juu ya jabali hilo hilo kondoo wanakula majani.

Tuliondoka Oslo alfajiri, tukapita bonde la Gudbrandsdalen, kisha mji mdogo wa Lom, ambao haukai mbali na Galdhøpiggen, mlima mrefu kuliko yote katika nchi hiyo, wenye mita 2,469. Tulikuwa tumechukua nyama ya halali kutoka Oslo ndani ya sanduku la barafu, kwani vijijini si rahisi kuipata. Na samaki, alhamdulillahi, wako kila mahali. Baada ya safari ya kilomita zipatazo 450 tukafika Loen, kijiji kilicho mwisho wa mojawapo wa mikono ya Nordfjord. Jua la kiangazi huko halina haraka ya kutua. Magharibi tuliisali karibu na saa tano ya usiku. Hatta baada ya hapo wekundu wa mbingu haukuondoka kabisa. Kwa hiyo katika Isha na Alfajiri tulifuata ratiba ya msikiti wetu wa Oslo, iliyotungwa kwa fatwa za wanavyuoni juu ya nchi za namna hiyo.

Juu ya Loen umesimama mlima Hoven, wenye mita 1,011 kutoka usawa wa bahari. Mtu aweza kufika kileleni kwa njia mbili. Ya kwanza ni gari la waya, lililofunguliwa mwaka 2017, nalo hupanda kwa dakika kama tano tu. Ya pili ni njia ya chuma iliyofungwa juu ya uso wa jabali lenyewe. Waya mnene wa chuma umepigiliwa jabalini kutoka chini hadi juu, na penye ugumu vimetiwa vipandio vya chuma vya kukanyagia. Mpandaji huvaa kofia ngumu na mikanda ya kiunoni na mapajani. Katika mikanda hiyo zimefungwa kamba mbili fupi, na kila kamba ina kulabu yake. Kulabu hizo huvishwa katika waya. Mtu afikapo penye msumari hutoa kulabu moja, akaivisha ng'ambo ya msumari, ndipo aitoe ya pili. Sharti lao kubwa ni hili: kulabu zote mbili zisitoke kwa wakati mmoja kabisa, hatta kwa kufumba na kufumbua.

Binti yetu Salma, mwenye miaka 17, ndiye aliyekuwa na hamu ya kupanda. Mdogo wake Yusuf, mwenye miaka 12, hakusema kitu. Mama yao alipomwuliza kama anataka, alinitazama mimi kwanza, kisha akasema, "Nataka." Jibu hilo ningalilizingatia ningalijua mengi mapema, lakini mimi nilikwisha kulipa fedha, na moyoni mwangu nilikuwa nimejichorea picha ya baba na mwanawe wakisimama kileleni.

Asubuhi yake mawingu yalikuwa yameteremka hadi nusu ya mlima. Kiongozi wetu alikuwa msichana wa Kinorwe, mpole wa maneno lakini mwenye macho makali. Alitufunga mikanda yeye mwenyewe, akaivuta kila mmoja mara mbili. Salma aliuchomeka mtandio wake vizuri, akavaa kofia juu yake. Tukasema Bismillahi, tukaingia msituni, tukapanda kwa miguu hadi tulipoufikia waya wa kwanza.

Hapo manyunyu yakaanza. Salma akavisha kulabu zake akapanda hatua kumi kama mtu apandaye ngazi ya nyumbani kwao. Ilipofika zamu ya Yusuf, alishika kipandio cha kwanza, akainua mguu, akaurudisha chini. Akauinua tena, akaurudisha. Nikaona mikono yake inatetemeka. Nikamwambia, "Panda, mwanangu. Mtegemee Mungu. Mwanamume haogopi." Hakunijibu, ila machozi yalikuwa yamemjaa machoni.

Kiongozi akatazama juu, akasema kwamba jabali limelowa na mawingu yanazidi kuwa mazito. Zaidi ya hayo, radi ikipiga, mahali pabaya kuliko pote ni kwenye waya wa chuma. Kwa hiyo turudi. Mimi, Mungu anisamehe, nilianza kumjadili. Nikamwambia kwamba mvua ni ndogo, kwamba tumetoka mbali, na kwamba mtoto akianza atazoea. Akanisikiliza hadi nikamaliza, kisha akanieleza ya kuwa wao watu wa Norwe wana kanuni tisa za mlimani, na kila mtoto huzisikia tangu udogoni. Kanuni hizo zilianza kuandikwa katika miaka ya 1950 na chama cha watembezi wa milimani pamoja na Msalaba Mwekundu, zikaenezwa kwa nguvu baada ya ajali nyingi za Pasaka ya mwaka 1967. Ya nane katika hizo ndiyo ijulikanayo kuliko zote: yamtaka mtu arudi mapema, na yamwambia kuwa kurudi si aibu.

Nilinyamaza, lakini si kwa kuridhika. Ndipo Salma akateremka, akaja karibu nami, akaniambia kwa sauti ya chini, ili mdogo wake asisikie, "Baba, niwie radhi. Si wewe uliyetuhadithia habari za Sayyidna Omar na tauni?"

Ni kweli, nilikuwa nimewahadithia mimi mwenyewe. Sayyidna Omar (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham pamoja na watu wake, akaletewa habari kwamba tauni imeingia huko. Akashauriana na Masahaba, kisha akaamua kurudi. Abu Ubaida (R.A.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Akamjibu kwamba naam, anaikimbia kadari ya Mungu na kuielekea kadari ya Mungu. Baadaye Abdulrahman bin Auf (R.A.) akaja akawaeleza kwamba amemsikia Mtume (S.A.W.) akikataza watu kuingia katika nchi yenye maradhi hayo. Omar akamshukuru Mola wake, akageuza msafara. Je, alikosa imani? Nani katika sisi mwenye imani kama ya Omar?

Nikamtazama mwanangu. Nikaona ya kuwa neno "mtegemee Mungu" nililomwambia halikuwa tawakali hata kidogo. Lilikuwa fahari yangu mimi, nimeivisha kanzu ya dini. Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa na bedui kama amwache ngamia wake huru na kutegemea, au amfunge, alimwagiza amfunge kisha ategemee. Mimi nilitaka kumfungua ngamia wa mwenzangu. Nikamshika Yusuf mkono, nikamwambia, "Turudi, mwanangu." Tukarudi wote. Mama Salma alitufuata nyuma akimhimidi Mungu kwa sauti, na sikuwa na la kumjibu. Kabla hatujafika chini mvua ilikuwa inamiminika.

Alasiri mvua iliponyamaza tulikwenda kuliona ziwa la Lovatnet, karibu na Loen. Maji yake yana rangi ya kijani iliyochanganyika na maziwa, kwa kuwa mito ya barafu husaga mawe yakawa unga mwembamba, na unga huo huletwa na maji hadi ziwani. Nimeona mahali pachache palipo pazuri kama hapo. Lakini juu yake unainama mlima Ramnefjell, na habari zake ni nzito. Usiku mmoja wa Januari mwaka 1905 kipande cha mlima huo kilianguka ziwani, kikainua wimbi lililofagia nyumba za Bødal na Nesdal, wakafa watu 61. Waliosalia walijenga tena, maana hayo ndiyo yaliyokuwa mashamba yao na ya wazee wao. Mwezi wa Septemba mwaka 1936 mlima ukaanguka mara ya pili, wakafa watu 74.

Hatuwalaumu wale waliojenga tena. Walifanya kwa kadiri ya ujuzi wa siku zao. Lakini waliokuja baada yao walijifunza. Leo katika fyodi nyingine ya upande huo huo liko jabali la Åkneset lenye ufa mkubwa, na vyombo vya kupimia vimewekwa juu yake usiku na mchana, ili likianza kusogea kwa kasi watu waonywe wahame mapema. Yusuf aliyasikiliza haya yote kwa makini. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, Baba, hata watu wa hapa wanauogopa mlima?" Nikamjibu kwamba wanauogopa kwa sababu wanaujua. Nami nikamwomba anisamehe kwa neno nililomwambia asubuhi. Alinyamaza kidogo, akatabasamu, akaniambia kwamba ana njaa.

Siku ya pili mbingu zilikuwa safi. Tulishauriana kama familia: mimi na Salma tutapanda na kiongozi yule yule, na Yusuf na mama yake watapanda kwa gari la waya watungojee juu. Saa baada ya saa tulihamisha kulabu, moja kisha ya pili, na kila nilipohamisha nilijisemea moyoni kwamba hivi ndivyo ngamia anavyofungwa. Fyodi ilikuwa chini ya nyayo zetu, buluu na kimya, na boti juu yake zilionekana kama punje za mtama.

Penye korongo kubwa tulilifikia daraja la nyaya lenye urefu wa mita 120. Sitawaficha: hapo miguu yangu ilikataa. Mimi niliyesema kwamba mwanamume haogopi nilisimama nimeukumbatia msumari. Salma alikuwa mbele yangu. Hakucheka wala hakunihimiza. Alisema tu, "Tukitaka kungoja, Baba, tungoje. Si aibu." Nilingoja. Nilivuta pumzi, nikasoma nilichojaaliwa kusoma, nikatazama kulabu zangu zote mbili kama zimefungwa, kisha nikavuka hatua kwa hatua.

Kileleni Yusuf alitupokea mbio, akiwa na chupa ya maji na kuniuliza maswali kumi kwa pumzi moja. Kijito kilikuwa karibu, na maji yake yalikuwa baridi hatta mikono ikafa ganzi. Tukatawadha hivyo hivyo. Tukaelekea kusini-mashariki iliko Kibla, tukasali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama msafiri alivyoruhusiwa. Yusuf ndiye aliyekimu. Nilipoinama kusujudu juu ya jiwe la mlima ule, nilikumbuka ile ruhusa ya kupunguza: Mola wetu mwenyewe humhurumia msafiri akampunguzia mzigo, nami jana yake nilitaka kumwongezea mtoto mzigo asioweza kuubeba.

Wazee wetu wa pwani husema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tena neno toba, katika lugha ya Kiarabu, asili yake ni kurejea. Basi enyi wazazi, mnapowatoa watoto wenu kwenda milimani, baharini au katika masomo, wafungeni vizuri, nanyi msione haya kuwarudisha mapema. Nanyi vijana, mkimwona mzazi amekosea njia, mwambieni kwa adabu na kwa sauti ya chini, kama Salma alivyoniambia mimi. Yusuf amesema kwamba atapanda Hoven atakapokuwa tayari, in-shaa-Allah. Siku hiyo sijui itakuwa lini, wala sijamwuliza tena.

Wa billahi taufiki.