Walimu wa Kuwait

Katika miaka yangu ya ualimu, methali niliyoiandika ubaoni mara nyingi kuliko nyingine zote ni ile isemayo kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Niliipenda kwa sababu ilinirahisishia kazi. Ukiwa na darasa la watoto 60 na fimbo moja mkononi, kumtafuta aliyekosa ni kazi ndefu. Methali ile hukuruhusu kuwachapa wote, na moyo wako ukatulia. Sasa nimestaafu, umri umevuka miaka sabini, na methali hiyo ninaitilia shaka. Walionifundisha kuitilia shaka ni wawili: nchi ndogo ya Kiarabu iitwayo Kuwait, na mama mmoja muuza dagaa.

Kuwait iko kwenye pembe ya Ghuba, kati ya Iraki na Saudi Arabia, na eneo lake halifiki kilomita za mraba 18,000. Mikoa yetu mingi ni mikubwa kuliko nchi hiyo nzima. Lakini wazee wa pwani ya Afrika Mashariki waliijua kabla dunia haijasikia habari za mafuta yake. Majahazi ya Kuwait yalishuka na upepo wa kaskazi hadi Lamu, Mombasa, Unguja na delta ya Rufiji, yakapakia boriti za mikoko, kisha yakarudi na kusi. Kwao jangwani hakuna miti ya kujengea, hivyo dari za nyumba za Kuwait ya zamani zilishikiliwa na boriti zilizotoka huku kwetu.

Mwaka 1936 wafanyabiashara wa mji huo waliunda baraza la elimu, wakatuma ombi Palestina la kuletewa walimu. Wakaja wanne. Mwaka uliofuata ilipofunguliwa shule ya wasichana, akina dada kutoka Palestina walikuwamo miongoni mwa waliofundisha. Ndugu msomaji, tazama tarehe hizo vizuri. Mafuta yaligunduliwa Kuwait mwaka 1938, na shehena ya kwanza ikauzwa nje mwaka 1946. Kwa hiyo Mpalestina hakuifuata Kuwait kwa sababu ya utajiri. Aliitwa ingali maskini, akaja na chaki mkononi.

Kisha ukaja mwaka 1948. Taifa la Israel liliundwa, na Wapalestina zaidi ya laki saba wakapoteza makazi yao. Wengi waliokuwa na elimu walielekea Kuwait, ambako walijenga barabara, wakahesabu fedha benki, wakatibu wagonjwa na zaidi ya yote wakafundisha. Mwandishi Ghassan Kanafani, aliyezaliwa Akka mwaka 1936, alikuwa mwalimu huko katika miaka ya 1950. Yasser Arafat alifanya kazi ya uhandisi serikalini Kuwait, na ni katika nchi hiyo, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, ambapo yeye na wenzake walianzisha harakati ya Fatah. Serikali ilikata sehemu ya mishahara ya Wapalestina waliofanya kazi nchini humo na kuipeleka katika mfuko wa ukombozi. Mwaka 1964 ilipitishwa sheria ya kuigomea Israel.

Hata hivyo, ukarimu huo ulikuwa na mpaka wake. Kanafani mwenyewe alitoa riwaya mwaka 1963 kuhusu Wapalestina watatu wanaojificha ndani ya tangi la maji la lori ili waingie Kuwait kwa magendo, nao wanafia humo kwa joto. Na waliofanikiwa kuingia waliishi kwa kibali cha ajira. Mtoto aliyezaliwa Kuwait, akasoma Kuwait, akaota ndevu Kuwait, alibaki kuwa mgeni. Siku ajira inapokwisha, kibali nacho kinakwisha. Kabla ya mwaka 1990 walikuwa takriban laki nne, na karibu wote walikuwa wageni wa namna hiyo.

Tarehe 2 Agosti 1990 redio ilitutangazia kwamba majeshi ya Iraki yameingia Kuwait. Nakumbuka tulivyokaa chini ya mwembe wa shule, walimu watano na redio moja ya betri, tukishangaa jinsi nchi inavyoweza kumezwa kwa siku moja. Siku zilizofuata tulisikia kwamba viongozi wa Palestina hawakuunga mkono uamuzi wa mkutano wa Waarabu uliofanyika Cairo wa kupeleka majeshi dhidi ya Iraki. Picha za Arafat akikumbatiana na Saddam Hussein zilizunguka dunia nzima. Kwa Mkuwaiti aliyekuwa amefukuzwa nyumbani kwake, picha ile ilikuwa kofi usoni kutoka kwa mtu aliyewahi kula naye sahani moja.

Mwezi Februari 1991 Kuwait ikakombolewa, na hasira ikatafuta pa kutulia. Wapalestina wengi walikuwa wamekimbia wakati wa vita, pamoja na wenyeji. Kati ya waliobaki wako walioshirikiana na adui, na wako waliowaficha na kuwalisha Wakuwaiti kwa kuhatarisha maisha yao. Hasira haikuwa na muda wa kuwachambua. Watu walikamatwa, wengine wakateswa, wengine wakauawa. Waliokuwa nje walizuiwa kurudi, na waliokuwa ndani wengi waliachishwa kazi na kunyimwa vibali. Katika muda usiozidi miaka miwili, jamii ile ya watu laki nne ilibaki makumi machache ya maelfu. Walimu waliowafundisha Wakuwaiti kusoma walifungasha mizigo, wengi wakaenda Jordan.

Wakati huo niliwalaumu sana Wakuwaiti. Nilisema mbele ya wenzangu kwamba haiwezekani mwalimu wa hesabu akaadhibiwa kwa kosa la Arafat. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, nikiwa nimesahau kabisa nilichokifanya mimi miaka michache tu kabla ya hapo.

Mwaka 1988, nikiwa mwalimu mkuu, mzee wa kitongoji kimoja aligombana nami juu ya mpaka wa shamba la shule. Usiku mmoja aliwachukua vijana wake wakalilima na kulipanda. Nilipoamka na kuona matuta yale mapya, damu ilinichemka. Nikatangaza kwenye mstari wa asubuhi kwamba watoto wote wa kitongoji kile warudi nyumbani, na hawatapokelewa mpaka mzee aje kuomba radhi. Walikuwa 31. Niliwatazama wakiondoka mmoja mmoja na madaftari yao, nikajiona mwenye msimamo.

Mzee alikuja baada ya wiki tatu. Tulikunywa chai, tukashikana mikono, mwenyekiti wa kijiji akatupongeza kwa busara. Watoto wakarudi, ila si wote. Msichana mmoja wa darasa la saba, hodari wa hesabu, hakuonekana tena. Niliambiwa kwamba ameolewa. Niliandika neno "mtoro" mbele ya jina lake katika rejesta na kufunga kitabu.

Mwaka 2009 nilimkuta sokoni amekaa nyuma ya fungu la dagaa. Yeye ndiye aliyenitambua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Tukaulizana habari za nyumbani. Aliponifungia dagaa akaongeza konzi moja juu ya niliyolipia, kisha akasema taratibu, bila ukali wowote: "Mwalimu, baba yangu mimi hakulima lile shamba. Siku ile alikuwa hospitali." Sikuwa na jibu. Niliomba radhi, naye akanijibu kwamba yameshapita. Lakini yamepita kwa nani? Mimi na mzee tulipatana kwa chai. Yule binti hakuwapo mezani.

Tangu siku hiyo ninaifuatilia habari ya Kuwait kwa jicho jingine. Mwezi Desemba 2004, mwezi mmoja baada ya kifo cha Arafat, Mahmoud Abbas alikwenda Kuwait na kuomba radhi hadharani kwa msimamo wa mwaka 1990. Mwaka 2013 ubalozi wa Palestina ulifunguliwa tena huko. Ilikuwa hatua njema, nami sitaidharau. Ila radhi ile ilikuwa ya wakubwa kwa wakubwa, kama chai yetu. Mwalimu aliyefungasha mizigo mwaka 1991 hakuwapo mezani.

Kuna upande mwingine wa habari hii, na haki inanidai niuseme. Kuwait ilikuwa na sababu ya kuipa kisogo Palestina moja kwa moja, na hakuna ambaye angeshangaa. Haikufanya hivyo. Ilipokaa katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 2018, wakati waandamanaji wa Gaza walipokuwa wakipigwa risasi kwenye uzio wa mpaka, ni Kuwait iliyoandika azimio la kutaka raia hao walindwe. Tarehe 1 Juni nchi 10 ziliunga mkono, nchi 4 zikajizuia, Ethiopia ikiwa mojawapo, na Marekani ikalizima kwa kura ya turufu. Mwaka huohuo nchi yetu, iliyovunja uhusiano na Israel mwaka 1973 na kuurejesha mwaka 1995, ilikuwa imefungua ubalozi wake Tel Aviv. Na mwezi Septemba 2020, Falme za Kiarabu na Bahrain zilipotia saini mapatano na Israel, Kuwait ilikataa kuzifuata. Wananchi wake nao wamekusanyika mara kwa mara na bendera za Palestina katika Uwanja wa Irada, mbele ya jengo la Bunge, kama walivyofanya mwaka 2021 na tena mwaka 2023. Bunge lenyewe lilivunjwa na Amiri mwezi Mei 2024, lakini msimamo wa nchi juu ya Palestina haukuvunjika nalo.

Huu ni ukomavu mkubwa. Kumtetea rafiki aliyekutendea wema hakuhitaji moyo wa pekee. Kuitetea haki ya watu ambao kiongozi wao alikuumiza, tena siku ulipokuwa huna nyumba, kunahitaji kutenganisha kosa la mtu na haki ya taifa. Hapo Kuwait imeikana ile methali ya samaki.

Swali langu ni moja tu, na ninalielekeza kwangu kwanza kabla sijalielekeza kwa Wakuwaiti. Mbona utenganisho huo ni rahisi kwa watu walio mbali, ukawa mgumu kwa jirani wa mlango wa pili? Mpalestina wa Gaza anaandikiwa azimio. Mpalestina aliyefundisha mtaani kwako miaka ishirini alinyimwa kibali. Nami pia nililia kwa ajili ya walimu wa Kuwait niliokuwa sijawahi kuwaona, huku binti wa kitongoji cha jirani nimemwandika mtoro. Mshikamano wa bendera ni mzuri, wala nisieleweke vibaya. Ila mizani yake iko kwenye ofisi ya vibali na katika rejesta ya darasa.

Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ya Kuwait iliajiri kundi la walimu kutoka Palestina, kwa mara ya kwanza tangu vita vile. Niliposoma habari hiyo nilifurahi kuliko nilivyofurahia hotuba yoyote. Nilimwona mwalimu akiingia darasani, wanafunzi wakisimama kumwamkia, naye akiokota chaki mahali ilipoangushwa mwaka 1990. Hiyo ndiyo radhi inayomfikia mwenyewe. Kwa yule binti wa hesabu mimi sina kazi wala darasa la kumrudishia. Kila ninapopita sokoni hununua dagaa kwake, naye kila mara huniongezea konzi moja, nami huipokea nikiwa nimeinamisha macho.