Kabla Hujafuta

Majengo, Nyeri
Desemba 2025

Mpwa wangu mpenzi,

 

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Nimefurahi sana kwamba shule hiyo ya Nanyuki imekukabidhi kompyuta zake za ofisi na za maabara uziwekee Windows upya kabla wanafunzi hawajarudi Januari. Mwenyezi Mungu akufungulie na kazi nyingine kupitia hiyo. Lakini kuna jambo limenitia wasiwasi: umesema utafuta kila kitu kwanza, halafu draiva utazitafuta baadaye. Usifanye hivyo. Draiva hunakiliwa kabla ya kufuta.

Haraka ya wateja naielewa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba mwaka huu, na tangu hapo kila mtu anataka mashine yake isafishwe na kuwekewa Windows 11. Sasa angalia mashine zenyewe. Laptopu nyingi zinazouzwa huku kwetu, toka Karatina mpaka Nanyuki, zilishatumika ng'ambo kabla hazijafika kwetu. Haziji na CD wala kijitabu. Draiva, yaani maelekezo yanayoiwezesha Windows kuongea na kadi ya Wi-Fi, spika, kamera na printa, zimo kwenye diski ile ile unayotaka kuipangusa. Ukishaipangusa, unabaki na kompyuta inayowaka vizuri lakini haioni mtandao, na draiva ya mtandao iko mtandaoni.

Hapa Majengo yuko mpiga picha anayetengeneza picha za pasipoti. Mwaka jana, siku chache kabla ya Idi, alipeleka kompyuta yake kwa fundi mmoja aisafishe. Ilirudi nyepesi, inawaka upesi, na fundi akalipwa. Mwenyewe alipotaka kuchapa picha, printa haikutambulika. Ni printa ya zamani, CD yake ilishapotea, na kampuni iliyoiunda haiweki tena programu zake mtandaoni. Wateja wa Idi wakaenda kwingine. Draiva ile ilikuwemo ndani ya kompyuta asubuhi aliyoipeleka, katika folda ya C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository, na kuinakili ni kazi ya dakika chache. Yule bwana alipoteza pato la sikukuu kwa sababu hakuna aliyemuuliza, "Unatumia vifaa gani?"

Kwa hiyo anza na swali hilo. Kaa na karani wa shule, umwombe akuonyeshe kila anachokichomeka kwenye kompyuta yake: printa ya risiti za karo, skana, kile kidude cha kusomea alama za vidole kama wanacho. Andika jina na namba ya modeli kama zilivyo kwenye kibandiko. Kisha chomeka diski ya nje au flashi kubwa, utengeneze folda yenye jina la mashine hiyo, ufungue Command Prompt kama msimamizi, na uandike:

pnputil /export-driver * E:\karani

Hiyo E ni herufi ya flashi. Hakikisha ni herufi gani kwako. Amri hii imo ndani ya Windows 10 na 11, huhitaji kupakua chochote. Inachukua draiva zilizoongezwa na watengenezaji wengine. Zile zinazokuja na Windows yenyewe inaziacha, kwa kuwa zitarudi zenyewe. Ikimaliza usiondoke. Fungua folda uangalie: utaona vijifolda vingi, na ndani yake faili za .inf, .sys na .cat. Fungua .inf mojawapo kwa Notepad, utakuta jina la mtengenezaji na orodha ya vifaa vinavyohusika. Tafuta humo printa ya karani. Usipoiona, bado hujamaliza. Na printa nyingine huhitaji programu kamili ya mtengenezaji, si draiva peke yake, kwa hiyo ipakue hiyo pia wakati mtandao bado upo.

Kila mashine iwe na folda yake. Usichanganye draiva za laptopu ya Dell na za HP eti kwa kuwa zote zina kadi ya Realtek. Usiweke nakala kwenye D ya diski hiyo hiyo. Wakati wa kufuta, kidole kikiteleza, vyote vinaondoka. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, nakili ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya lolote. Angalia pia kama Windows iliyomo ni ya biti 32, kwa sababu draiva zake hazitafaa kwenye Windows 11, ambayo ni ya biti 64 tu.

Kuna kikwazo kinachowatisha mafundi wengi. Kwenye laptopu zenye prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11, huenda wakati wa kuweka Windows ukafika mahali pa kuchagua diski ukakuta orodha ni tupu. Diski haijafa. Kinachokosekana ni draiva ya Intel ya kuhifadhia data. Iwe tayari kwenye flashi, ikiwa imeshafunguliwa ikawa faili za .inf, ndipo ubonyeze Load driver.

Ukishaweka Windows, rudisha draiva ya mtandao kwanza. Ikikataa, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB uwashe ugavi wa intaneti; mara nyingi Windows huitambua bila draiva ya ziada. Iache Windows Update imalize kazi yake, ndipo uingie Device Manager. Palipobaki alama ya mshangao ya njano, ielekeze Windows kwenye folda uliyohifadhi. Ipo amri ya kurudisha zote kwa pamoja, pnputil /add-driver E:\karani\*.inf /subdirs /install, lakini mimi siipendi pale mashine ilipoletwa kwa sababu ilikuwa inazimika ovyo. Huenda draiva moja ndiyo iliyoleta ugonjwa, nawe utakuwa umeirudisha kwa mkono wako.

Zile programu za bure zinazodai kukutafutia draiva zote, achana nazo. Nyingi huja na matangazo na takataka nyingine, na hizi ni kompyuta zenye majina ya watoto wa watu na rekodi za karo. Nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Kwa Dell, ile Service Tag iliyo chini ya laptopu inatosha kukupeleka kwenye modeli yako.

Kazi hii itakuchukulia muda zaidi, na mwalimu mkuu hataiona. Mtoze hivyo hivyo, umweleze ni ya nini, na folda zile uzitunze. Shule itakuita tena.

Anza na za maabara. Ya karani iwe ya mwisho, na tafadhali usiifute kabla hujanipigia simu ukaniambia printa yake umeiona ndani ya folda.

Wasalaam,
Mjomba wako