Redio ya Japani, kona za Kinole

Washkaji, kupanda Kinole kwa Chifu Kingalu na dinga bubu ni adhabu! Safari ya kwanza, Bigwa, Kiroka hadi Mkuyuni, tulisikiliza injini tu. Redio nyingi zinazokuja na magari toka Japani huanzia 76 na kugota 90, wakati stesheni zetu zinapanda hadi 108.

Mshikaji akaing'oa, akafunga mpya: waya mweusi kwenye bodi, mwekundu kwenye swichi, wa njano betri moja kwa moja (huo ukiuunga kwenye swichi, kila ukizima gari stesheni zinafutika). Mjini ikaunguruma, bomba!

Lakini FM haijui kupinda kona za Uluguru. Kufika kwenye migomba, mikwaruzo mitupu. Ukinunua, chukua yenye tundu la flashi. Yetu ndiyo iliyotufikisha, hadi wauza mananasi wakaomba tuongeze sauti.