Oili Nayo Inataka Joto

Hapa Changamwe joto ndilo adui wa injini. Muulize dereva yeyote wa matatu aliyewahi kukwama nyuma ya malori ya bandarini: gari limechemsha, boneti juu, mtungi wa maji mkononi. Ndiyo maana mafundi wengi huitoa themostati wakaitupa. "Mombasa hakuna baridi," wanasema. "Ya nini?"

Mjomba wangu pia anaishi kwa spana, ila yeye ni fundi wa ndege ndogo pale uwanja wa Moi, Port Reitz. Ni yeye aliyenifunza kwamba hata huku pwani injini inaweza kuharibiwa na kukosa joto.

Cessna 172 nyingi huwa na injini ya Lycoming ya silinda 4. Haina rejeta ya maji. Inapozwa na upepo na oili. Oili ikiwa baridi, vali huiachia ipite njia ya mkato. Ikikaribia nyuzi 85 za Selsiasi, vali hufunga njia hiyo, oili ikalazimika kuzunguka kwenye kipozeo. Mstari mwekundu uko kwenye 118. Rubani akipanda kwa mwendo mdogo, pua imeinuka, upepo hautoshi na mshale hupanda. Dawa yake ni kushusha pua, kuongeza mwendo, kupunguza nguvu ya injini. Lakini joto likipanda huku presha ya oili ikishuka, hapo hakuna kubahatisha. Tafuta pa kutua.

Hiyo ni nusu ambayo kila mtu anaielewa. Nusu ya pili iliingia nyumbani kwetu mwaka jana. Bwana mmoja alikuwa ameegesha ndege yake miezi kadhaa akitafuta mnunuzi. Akamwambia Mjomba awe anaiwasha kila Jumamosi dakika 10, "isilale", kisha aandike kwenye daftari la injini kwamba inatunzwa vizuri. Pesa ilikuwa ya maana, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

Mjomba akakataa. Petroli ikiungua huzaa maji, na mengine hupenya hadi kwenye oili. Dakika 10 ardhini haziyafukuzi, zinayaongeza tu. Lycoming wenyewe wanashauri ndege iruke saa nzima mfululizo, angalau mara moja kwa siku 30, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93. Tena kamshafti ya injini hiyo iko juu. Ndege ikikaa, oili huchuruzika chini na kuacha chuma kitupu, katika hewa hii ya chumvi inayokula hadi bawaba za madirisha yetu. Geji haitakuonyesha kutu hiyo.

"Nikiandika iko sawa," alisema, "kuna mtu ataisoma sahihi yangu, ainunue, apande na watoto wake."

Kazi ikaenda kwa fundi mwingine. Mkaza mjomba alinuna wiki nzima, na karo ikalipwa kwa mkopo wa chama. Sijui ile ndege iliuzwa kwa nani. Ila siku hizi ndege ndogo ikikata juu ya Likoni kuelekea Ukunda, huwa nashangaa ni nani aliyetia sahihi kwenye daftari lake, na karo ya nani ilikuwa inadaiwa siku hiyo.