Tuhuma na Dalili

Kumtia mtu hatiani ni kazi nyepesi kuliko kuitafuta sababu ya kosa. Jambo hili lilidhihirika katika safari za pikapu moja kuukuu ya dizeli, gari lililopandisha mbolea kutoka Mombo kwenda Lushoto na kuteremsha kabichi. Tambarare lilikwenda vyema. Lilipoanza kuikwea milima ya Usambara, nguvu zake zilipungua kidogo kidogo, likatetemeka, likazima. Baada ya kupumzika robo saa liliwaka tena kama lisilo na dosari, likaenda mwendo mfupi, likazima tena.

Mwenye gari alitoa hukumu mbili: kwamba pampu ya dizeli imekufa, na kwamba dereva, mtoto wa dada yake, huuza dizeli njiani na kujaliza upungufu kwa mafuta ya taa. Kijana aliapa, lakini kiapo hakina uzito mbele ya mtu aliyekwisha kuamua. Akanyang'anywa ufunguo.

Fundi mzee aliyeitwa hakushika spana kwanza. Aliuliza kama gari hutoa moshi mweusi likosapo nguvu. Kijana alijibu kwamba halitoi. Jibu hilo lilikuwa na maana. Injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel alifaulu kuionyesha mwaka 1897, haina plagi za kutoa cheche: hewa hushindiliwa ndani ya silinda hata ikawa na moto wa kuyawasha mafuta yanyunyizwapo. Hewa ikipungua, mafuta hayaungui yote, na moshi huwa mweusi. Mafuta yakipungua, injini hulegea bila moshi huo, kisha huzima.

Fundi akabadili chujio. Gari likazima vilevile. Ndipo alipofunga dumu la dizeli safi mahali palipoinuka kuliko injini, akaunganisha mipira yake na pampu, akalitenga tangi. Gari likapanda mlima bila kusita. Pampu iliyohukumiwa kufa ilikuwa nzima.

Tangi liliposhushwa, tope na magamba ya kutu yalionekana karibu na mdomo wa bomba la kunyonyea. Injini ilipohitaji mafuta mengi mlimani, uchafu ulivutwa ukaziba mlango; ilipozima, mvuto ulikoma, uchafu ukaanguka, njia ikafunguka. Kisha fundi aliichuja kwa kitambaa dizeli ile ile ya tangini, akaitia dumuni. Gari likapanda tena. Tuhuma ya mafuta ya taa ikakosa shahidi.

Tangi lilisafishwa kwa asubuhi moja. Mjomba alirudisha ufunguo siku hiyo hiyo, lakini alikawia siku tatu kuomba radhi. Pampu mpya ingalimgharimu fedha nyingi na isingaliliponya gari. Hukumu ya haraka ilikaribia kumgharimu mpwa. Dalili zote zilikuwako tangu siku ya kwanza, na aliyezijua kuliko wote ni yule ambaye hakuulizwa.