Karatasi ya Mpingo Isiyo na Mahali

Wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha huniuliza mara kwa mara jinsi ya kufundisha somo la mimea katika shule isiyo na maabara. Jibu langu latokana na kosa nililolifanya mwenyewe, nilipokuwa mwalimu wa darasa la tano pande za Namungo, katika nchi hii ya Nachingwea na Ruangwa.

Niliwapeleka watoto porini baada ya mvua za kwanza. Tulikata matawi, tukayalaza kati ya magazeti makuukuu, tukayakandamiza kwa mbao na mawe, na kila siku tukabadili magazeti hadi matawi yakakauka. Msichana mmoja alileta tawi la mpingo lenye miiba, majani machanga na maua madogo meupe. Tulilishona kwa uzi juu ya karatasi ngumu, nami nikaandika chini yake, kwa mwandiko wangu mzuri, neno moja tu: Mpingo. Mkaguzi aliisifu zana hiyo mbele ya walimu wote, na sifa zile zilinilevya kidogo.

Miaka mitatu baadaye shule ilihitaji mbegu za mpingo kwa ajili ya kitalu. Mti huu, ambao Wamakonde huuchongea vinyago na mafundi wa Ulaya huutengenezea klarineti, ulikuwa umeadimika karibu na kijiji. Nikaitoa karatasi yangu. Haikuwa na la kutuambia. Msichana yule alikuwa amekwisha kuhama na wazazi wake. Wenzake, mmoja alisema tawi lilitoka ng'ambo ya mto, mwingine akasema lilitoka palipolimwa mashamba mapya ya mikorosho. Tulizunguka siku mbili, tukarudi mikono mitupu.

Ndipo nilipoanza kusoma habari za hebaria, yaani nyumba zinazohifadhi mimea mikavu pamoja na maelezo yake. Hebaria ya Afrika Mashariki ilianzia Amani, Usambara, mwaka 1902, ikahamia Nairobi mwaka 1950. Mjerumani Hans-Joachim Schlieben, aliyekusanya mimea Tanganyika katika miaka ya 1930, hata pande za Lindi, aliipa kila mimea yake nambari, na nakala zikagawiwa hebaria mbalimbali. Faida ya nakala ilidhihirika Machi 1943, hebaria ya Berlin ilipoteketea kwa mabomu, na karatasi nyingi za mimea ya Afrika zikawa majivu. Tangu nisome habari hiyo, darasa langu hukausha matawi mawili ya kila mti: moja la shule, moja la chuo.

Na tusidhani kuwa mambo haya ni ya wazungu na makabati yao. Mpango wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, ulifyeka pori kubwa hapa Nachingwea. Anayetaka kujua ni miti gani iliyosimama pale ana mashahidi wawili tu, kumbukumbu za wazee na lebo za waliowahi kukusanya. Na wazee wanapungua.

Siku hizi lebo huandikwa palepale chini ya mti, kabla tawi halijaingia gazetini. Mtoto huhesabu hatua kutoka mahali panapojulikana, kama vile kisima au daraja, kisha huandika tarehe, kimo cha mti, aina ya udongo, na rangi ya ua, kwa kuwa rangi hufifia likikauka. Jina la Kimwera huandikwa kama lilivyotamkwa na babu au bibi aliyeulizwa, hata kama mwalimu analifahamu jina jingine. Mwisho mtoto huandika jina lake mwenyewe. Hapo huwa sikubali mzaha: wakusanyaji wa zamani walijiandika wao, lakini vijana waliowaonyesha njia mara nyingi hawakutajwa.

Karatasi yangu ya kwanza ningali nayo. Mwaka uliofuata niliongeza lebo, nikaandika nilichoweza: mwezi, mwaka, kwamba ua lilikuwa jeupe, kwamba lililetwa na mwanafunzi wa kike wa darasa la tano. Penye mahali nimeacha mstari mtupu, na wanachuo wapya wanapofika huwapa waisome kwanza, kisha huwauliza tuanze kuutafuta mti huo upande gani.