Kamera Kuukuu au Ndogo Mpya: Uchaguzi wa Fedha ya Kahawa

Fedha ya kahawa huingia nyumbani kwa siku chache, na mahitaji huwa yameshaisubiri kwa miezi. Sisi tunaoishi Kimuli, wilayani Kyerwa, twalijua hilo vyema. Maganda yakishapimwa kwenye chama cha msingi na malipo yakipatikana, kuna ada za watoto, kuna bati za jiko, kuna deni la dukani. Baada ya hayo ndipo mtu hutazama kilichobaki. Msimu uliopita kilichobaki kilitosha kununua kamera moja tu, na kikiisha hapakuwa na kingine hadi mavuno yajayo.

Sisi ni mume na mke, na mbali na shamba la migomba na mibuni, sehemu ya riziki yetu hutokana na kupiga picha. Tunapiga picha za nikahi, za mahafali ya madrasa, za vitambulisho, na za familia zinazotaka kumbukumbu ya wazee wao. Mume hupiga upande wa wanaume, mke hupiga upande wa wanawake. Nikahi ikishasomwa, kamera hutoka mkono wa mume ikaingia mkono wa mke. Kamera yetu ya awali ilipokufa tulijaribu kujikimu kwa simu, lakini wateja walituuliza kwa haki: kama ni simu, hata sisi tunayo, tukulipeni kwa lipi?

Mjini tulioneshwa kamera mbili, zote zimetumika. Ya kwanza ilikuwa Canon EOS 5D Mark II, kamera ya DSLR iliyotangazwa mwaka 2008 na iliyowahi kuwa mikononi mwa wapiga picha wakubwa duniani. Ya pili ilikuwa Canon PowerShot G7 X Mark III ya mwaka 2019, kamera ndogo inayoingia mfukoni mwa kanzu. Ile kuukuu, pamoja na lenzi moja ya milimita 50, betri ya akiba na kadi mbili za kumbukumbu, ilifikia takriban bei ya ile ndogo peke yake. Kwa hiyo bei haikutusaidia kuamua.

Nyumbani maoni yaligawanyika, na si kwa namna ambayo wengi wangeitarajia. Mume ndiye aliyeitaka ile ndogo. Alisema barabara zetu ni za vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, mtu yuko juu ya bodaboda, na kifaa cha gramu 304 ni afadhali kuliko bodi ya gramu 810 ambayo bado haijatiwa lenzi wala betri. Isitoshe, ile ndogo hurekodi video za kisasa za 4K na ina tundu la kuchomeka maikrofoni. Mke akajibu, “Baba watoto, hayo yote ni kweli, lakini wewe unapigia uani na barazani. Mimi ninapigia chumbani, jioni, chini ya taa moja.”

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuache kulinganisha sifa za kwenye maboksi na kuanza kuulizana juu ya mwanga.

Wengi wetu tumezoeshwa kuhesabu megapikseli. Katika uchaguzi huu hesabu hiyo haikuwa na faida yoyote, kwa kuwa ile kuukuu ina megapikseli 21.1 na ile ndogo ina 20.1. Tofauti kubwa iko kwenye kihisi, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga mahali pa filamu ya zamani. Kihisi cha ile DSLR kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Cha ile ndogo ni milimita 13.2 kwa 8.8. Ukizidisha utaona kwamba cha kwanza kina eneo zaidi ya mara saba ya cha pili. Ni kama kutega maji ya mvua kwa beseni na kwa kikombe: mvua ni ile ile, kinachopatikana si sawa. Ufundi wa mwaka 2019 umepunguza pengo hilo, lakini haukuliziba.

Muuzaji alikuwa muungwana, akaturuhusu kuzijaribu. Tulimwomba ruhusa mama mzazi wa mume, ambaye wajukuu wanamwita Bibi, tukampiga picha mara mbili kwa kila kamera: mchana chini ya mwembe, na baada ya Magharibi sebuleni. Kisha tukazisafisha zote kwa ukubwa wa kadi ya posta na nyingine kwa ukubwa wa karatasi ya A4.

Picha za mchana hazikututofautishia kitu. Tulizichanganya mezani, na hata sisi wenyewe hatukuweza kusema ipi imetoka wapi. Tunalitaja hili kwa sababu mwenye kununua kamera kwa ajili ya picha za mchana hana haja ya kujitwisha mzigo mzito. Picha za sebuleni, kwa ukubwa wa kadi ya posta, zilianza kuachana kidogo. Kwa ukubwa wa A4 ziliachana kabisa. Katika ile ya kamera ndogo, mikunjo ya uso wa Bibi ilikuwa imelainika na kuchanganyika na chenga za giza, na kitambaa cha mtandio wake kilikuwa rangi tupu. Katika ile ya kamera kuukuu, nyuzi za mtandio zilihesabika.

Haki yake ile ndogo tuipe pia. Ilitafuta uso wa mtu kwa wepesi na kuukamata, ilhali ile kuukuu ina vituo tisa tu vya kulengea, na gizani kile cha katikati ndicho cha kutegemewa. Lenzi yake huanzia upana wa milimita 24 kwa kipimo cha kamera kubwa, kwa hiyo katika chumba chembamba iliwaingiza watu wote. Lenzi ya milimita 50 ilitusukuma hadi ukutani, na bado shangazi mmoja akabaki nje ya picha.

Baada ya mwanga tulitazama umeme. Kwetu umeme hukatika, na sherehe haingoji. Kwa kipimo cha mtengenezaji, betri moja ya ile DSLR hupiga picha zipatazo 850, na ya ile ndogo zipatazo 235. Ni kweli kwamba ile ndogo huchajiwa kwa waya wa USB, jambo la faraja kwa msafiri. Lakini siku ya harusi kamera haiwezi kuwa mkononi mwa mpiga picha huku imefungwa kwenye waya. Kadhalika tulitazama matengenezo. Lenzi ya kamera ndogo imeshikamana na mwili wake, nayo hutoka na kurudi kila inapowashwa. Ikiingia mchanga, kamera nzima imesimama. Lenzi ya DSLR ikiharibika hutolewa ikawekwa nyingine, na lenzi za aina ya EF zimekuwa zikitengenezwa tangu mwaka 1987, kwa hiyo zilizotumika zinapatikana kwa wingi.

Hata hivyo, kamera ya miaka mingi ni kama ng'ombe wa mnadani, haifai kutazamwa pembe tu. Shata yake, yaani kile kipazia kinachofunguka na kufunga kwa kila picha, ilipimwa na mtengenezaji kwa mipigo 150,000. Hesabu ya mipigo iliyokwisha kupigwa haionekani kwenye menyu ya 5D Mark II. Huna budi kuiunganisha na kompyuta yenye programu maalumu. Tulimwomba muuzaji afanye hivyo mbele yetu, nasi tukaona kwamba ilikuwa imetumia chini ya nusu ya umri wake. Kadi zake pia ni za CF, ambazo maduka ya simu hayana, na ndiyo maana tulisisitiza kupewa mbili pamoja na kisomeo chake.

Uchaguzi wa namna hii si mgeni katika nchi hii. Mskoti James Augustus Grant, aliyesafiri na Mwingereza John Hanning Speke kutoka Zanzibar mwaka 1860, alianza safari akiwa na vifaa vya kupigia picha. Zama zile bamba la kioo lilitayarishwa na kusafishwa papo hapo, ndani ya kihema kidogo kilichozibwa mwanga. Joto la humo lilimwelemea, akaiacha kamera na kushika penseli na rangi. Walipowasili kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe mwezi Novemba 1861, kumbukumbu zake zilikuwa za kuchorwa kwa mkono. Kyerwa yetu ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2012, na kisa hicho tunakihesabu kuwa cha nyumbani. Grant alikuwa na chombo cha kisasa kuliko vyote, lakini mahali pake pa kazi palikuwa pagumu kwa chombo hicho.

Lipo jambo moja lililobaki, nalo ni zito kuliko mwanga na umeme. Bibi alipooneshwa picha zake aliuliza, “Wanangu, sasa picha hizi zitalala wapi?” Hakuuliza ni nzuri au mbaya. Aliuliza zitalala wapi.

Kamera ndogo ina waifai ndani yake, na picha huweza kuhamia kwenye simu papo hapo. Kuukuu haina. Mwanzoni tulidhani hiyo ni hoja ya kutosha kwa upande wa wanawake, ambako bibi harusi na jamaa zake hukaa bila ya stara wanayoivaa mbele ya wageni. Tulipozidi kulitafakari tuliona kwamba waifai huzimwa kwa kitufe, na kadi isiyo na waifai huweza kuibwa, kuazimwa au kusahaulika kwenye kompyuta ya duka. Amana haimo ndani ya mashine. Imo katika mwenendo wa anayeishika.

Kwa hiyo tuliweka masharti yetu kabla ya kulipa hata shilingi. Hapigwi mtu picha kabla ya kuulizwa, na mwenye nyumba huulizwa kwanza. Wanazuoni wamekhitalifiana katika suala la picha: Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri kuanzia 1914 hadi 1920, aliandika risala ya kuihalalisha picha ya kamera akiiona kuwa ni kuzuia kivuli, na wapo wasiokubaliana naye. Familia isiyotaka tunaiheshimu bila ya mjadala. Pili, kadi ya upande wa wanawake ni tofauti na ya wanaume, na mke peke yake ndiye huifungua, huzichagua na kuzisafirisha picha zake. Mume hazioni. Tatu, picha zikishakabidhiwa kwa wenyewe na wakaridhika, zetu hufutwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inamtambua mtu kuwa na haki juu ya taarifa zake, lakini mtu wa Kimuli hapaswi kungoja sheria ndipo amstahi jirani yake.

Tulinunua ile kuukuu. Hatukuinunua kwa kuwa ni bora kuliko ile ndogo kwa kila jambo. Tuliinunua kwa kuwa katika kazi yetu mahali pagumu kuliko pote ni chumba cha ndani, jioni, chini ya taa moja, na hapo ndipo kamera hizi mbili zilipoachana. Kwingine kote, ile iliyo dhaifu ingetosha.

Tumeilipia hasara pia. Mke husema bega humuuma baada ya harusi ndefu. Video za mahafali tunazirekodi kwa simu. Picha ya ukoo mzima hatuipigi tena ndani, tunawatoa watu uani kabla jua halijazama, na wakati mwingine wazee hulalamika kusimamishwa. Hayo tuliyajua tangu mwanzo, tukayakubali.

Familia nyingine itafika kwingine, nayo itakuwa imepatia. Mwenye watoto wadogo anayetaka kuwapiga wakicheza, kijana anayekwenda safari ndefu na begi moja, mwalimu wa madrasa anayetaka kurekodi visomo vya wanafunzi wake, hao wote tungewaambia wachukue ile ndogo bila ya wasiwasi. Tungewaomba tu wafanye tulivyofanya: wazijaribu mahali pao pagumu kuliko pote, wasafishe picha kwa ukubwa watakaoutumia, na wakubaliane nyumbani ni nani atashika kifaa na picha za watu zitalala wapi.

Picha ya A4 ya Bibi tumeitia fremu, naye ameridhia itundikwe chumbani kwake, si sebuleni. Nakala nyingine hatuna.